UZI: Mazda RX-8 za Kampala kufa injini kabla ya km 100,000. Ni rota yenyewe au ni sisi?

#1 Kasule_Ntinda
Wakuu, habari za jioni. Swali kwa wanaozijua injini za rota, zile zisizo na pistoni, ambazo kipande cha pembe tatu kinazunguka ndani ya nyumba yake.

RX-8 ya 2004, gia za otomatiki, dashi inasoma km 92,000. Asubuhi inawaka mara moja. Ikishapata moto, ukaizima kwenye kituo cha petroli dakika tano tu, stata inazunguka sekunde kumi na zaidi bila kushika. Iache ipoe nusu saa, inawaka kama hakuna kilichotokea. Gereji ya kwanza imesema kompresheni (nguvu ya injini kubana hewa) imekwisha, injini ishushwe. Ya pili imesema koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Ya tatu imesema stata. Hakuna hata moja iliyopima.

Ninachodai ni kwamba gari hizi zikifika mjini hapa hazichukui muda kabla ya kuwekwa pembeni. Ni udhaifu wa injini, au kuna kosa tunalolifanya wote?

#2 Fundi_Ndeeba
Karibu ssebo. Kutowaka ikiwa ya moto ni dalili kubwa ya kompresheni kushuka, lakini usishushe injini kwa dalili moja. Injini baridi ina oili nzito, na oili ile inaziba nafasi kati ya sili (vipande vya rota vinavyozuia hewa isivuje) na hausingi (nyumba ya rota). Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, nafasi inavuja, na hapo inataka izungushwe kwa kasi ndipo ishike. Stata za RX-8 za miaka ya mwanzo zilikuwa na nguvu ndogo, Mazda wenyewe baadaye wakatoa yenye nguvu zaidi. Stata iliyochoka na betri iliyochoka vinaweza kukuletea shida hiyo hiyo huku sili bado zina uhai.

Anza na betri. Ikiwa imepumzika isome volti 12.6. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya 10. Safisha ncha za waya mnene wa hasi, ule unaofungwa kwenye bodi, kutu ya hapo imewapotezea watu pesa nyingi. Kisha kompresheni, na ipimwe injini ikiwa ya moto.

#3 Toyota_Tu_Masaka
Nunua Premio ulale usingizi.

#4 MamaSpea_Kisekka
@Toyota_Tu_Masaka hukuitwa, ila kaa hapo hapo utajifunza kitu 😄

Kasule, usikubali mtu akupimie kwa geji ya pistoni halafu akutajie namba moja. Rota ni mbili, kila rota ina nyuso tatu. Kwa hiyo unataka namba sita. Geji ya kawaida ina kivalvu mwishoni mwa mpira, kinashika presha ya juu kabisa na kuibakiza. Uso mmoja ukiwa mzima unaficha wenzake wawili waliokufa, na wewe unaambiwa injini safi.

Kama geji ya rota haipatikani, toa kivalvu hicho (kinafanana na cha tairi). Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, chomoa soketi za koili, toa plagi moja ya rota, funga geji, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, mwingine azungushe stata. Tazama mshale unavyoruka. Unaruka mara tatu kwa mdundo mmoja, tap tap tap, sawasawa. Ukiona tap tap na wa tatu mfupi, uso mmoja unavuja. Hata bila geji, tega sikio kwenye tundu la plagi: pumzi tatu zinazolingana ni afya, pumzi moja inayotoka laini kama mtu anayepuliza chai ni ugonjwa.

#5 Mhandisi_Jinja
Namba za Renesis, injini ya RX-8, ni hizi. Kwa mizunguko 250 ya stata kwa dakika, kiwango cha kawaida ni kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba. Mwisho wa kukubalika ni 6.9. Nyuso za rota moja zisipishane zaidi ya 1.5, na rota ya mbele na ya nyuma zisipishane zaidi ya 1.0. Chini ya hapo injini inafunguliwa, hakuna mjadala.

#6 Kabale_Juu
@Mhandisi_Jinja mjadala upo. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, na hewa ya hapo ina presha pungufu kwa asilimia 13 hivi. Injini inabana hewa inayoipata, haibani isiyokuwepo. Kilo 8.5 ya Mombasa inakuwa 7.4 Kampala, na ule mwisho wa 6.9 unakuwa 6.0. Huku Kabale, karibu mita 2,000, injini mpya kabisa ingesoma 6.7. Kwa kitabu chako hicho, injini mpya ya Kabale ni mbovu! Nina hakika zipo injini nzima zilizofunguliwa Uganda kwa sababu fundi alishika namba ya kitabu bila kutazama yuko kilima gani.

#7 Mhandisi_Jinja
Umenirekebisha, nakubali. Lakini mwinuko unashusha nyuso zote kwa kipimo kimoja. Ukiona 7.3, 7.2 na 5.3 kwenye rota moja, hapo hewa ya Kampala haina kosa. Jambo jingine: namba bila kasi ya stata haina maana. Stata yenye nguvu ikizungusha 300 inapandisha namba, betri mbovu ikizungusha 190 inaishusha. Andika kasi pembeni ya kila kipimo.

#8 Oili_Kwanza
Sasa tuingie kwenye sababu. Kwangu mimi chanzo ni oili, na zaidi ya nusu ya wenye gari hizi hawaelewi oili inafanya nini ndani ya rota.

Rota haina pistoni inayorushiwa oili kutoka chini. Sili za ncha, zile tatu zilizokaa kwenye pembe za rota, zinakwaruza hausingi muda wote, na kinachozilainisha ni oili inayopimwa na pampu ndogo kutoka kwenye sampo (beseni la oili chini ya injini) na kudungwa ndani ya chemba ya kuchomea. Inaungua pamoja na petroli. Kwa hiyo injini nzima LAZIMA ile oili. RX-8 isiyopunguza oili kabisa ndiyo ya kuogopa, maana yake pampu ile haifanyi kazi au mirija yake imeziba.

Kuanzia 2003 hadi 2008 kila rota ilipewa nozeli mbili za oili. Toleo la 2009 likapewa tatu na presha ya oili ikapandishwa. Mazda hawakuongeza nozeli ya tatu kwa urembo. Waliona sili zinakauka.

#9 Toyota_Tu_Masaka
Swali la kweli, sitanii. Inakula kiasi gani? Na fundi wa kawaida akiona oili imepungua si atasema pete za pistoni zimeisha?

#10 Oili_Kwanza
Swali zuri. Hesabu nusu lita hadi lita moja kila km 1,500, kutegemea mguu wa dereva. Vuta kijiti kila unapojaza petroli mara mbili, gari likiwa kwenye usawa, injini imezimwa dakika tano. Kubadilisha kabisa ni kila km 5,000. Na jua kwamba ukifungua nati ya sampo inatoka karibu lita 3 na nusu tu, nyingine inabaki kwenye vipoza oili vya mbele na mirija yake. Ndiyo maana ukichelewesha mara moja, oili chafu inabaki kuchafua ile mpya.

#11 Mwalo_Ggaba
Ongezeni 2T (oili ya injini za mipigo miwili) kwenye petroli, jambo hili linajulikana. Pampu ya oili ikiwa nzima, mililita 5 kwa kila lita ya petroli zinatosha, yaani lita 40 mililita 200. Mimina 2T kwanza, petroli ifuate ili ichanganye yenyewe. Mwaloni kwetu oili ya injini za boti haikosekani, ile ya TC-W3, na bei yake si ya kutisha.

#12 Fundi_Ndeeba
Hapo kwenye TC-W3 sikubaliani. Oili ile imetengenezwa kwa injini za boti zinazopozwa na maji ya ziwa, zinazofanya kazi kwa joto la chini. Chemba ya rota ni tanuri. Tafuta ya pikipiki yenye alama JASO FD, ndiyo inayovumilia joto na kuacha masizi kidogo.

#13 Mwalo_Ggaba
TC-W3 haina majivu kabisa, na hofu kubwa ya rota ni majivu yanayojenga ukoko nyuma ya sili. JASO FD inaruhusu majivu kiasi. Kwa mililita 5 kwa lita, joto halina muda wa kuiharibu kabla haijaungua.

#14 Fundi_Ndeeba
Haina muda ukiwa unakimbia Masaka. Kwenye jamu ya Jinja Road saa kumi na mbili jioni ina muda wote inaoutaka.

#15 Rota_Mbale
Tumeng'ang'ania oili na hakuna aliyetaja koili. Renesis inauawa na koili kuliko kitu kingine chochote, nitaeleza kwa nini.

Plagi ni nne, mbili kwa kila rota. Ya chini ndiyo inayoanzisha moto, ya juu inamalizia. Za chini ni namba 7, za juu ni namba 9, usizichanganye kwa sababu joto lake halilingani. Kila plagi ina koili yake. Koili ya chini ikifa utasikia gari linatetemeka. Ya juu ikifa gari linaenda, zito kidogo tu, na mwenye gari anaendelea miezi. Petroli ambayo haikuungua inaingia ekzosi, inaungulia kwenye lile sega la kusafishia moshi, sega linayeyuka na kuziba. Moshi ukikosa pa kutokea unarudisha joto kwenye injini. Mazda RX-7 za zamani zilitolea moshi kwenye mzingo wa hausingi, lakini Renesis inatolea kwenye kuta za ubavuni, pale pale sili za ubavu zinapopita kila mzunguko. Joto likikaa hapo, sili zinaganda kwenye mifereji yake.

Badilisha koili zote nne kila km 50,000 pamoja na waya zake, usingoje taa ya injini iwake. Na kupima sega: toa sensa ya oksijeni ya mbele, funga geji ndogo ya presha kwenye tundu lake, shika mizunguko 2,500. Ikivuka 0.2 bar, sega limeziba.

#16 MamaSpea_Kisekka
Nathibitisha hili la koili kwa upande wa kaunta. Wanaokuja kununua koili wananunua moja. Moja! Halafu baada ya miezi miwili wanarudi kununua nyingine, na mwisho wanauliza bei ya injini. Na mwangalie plagi mnazouziwa: zikiwa na herufi L ni za chini, T ni za juu. Ukipewa nne zinazofanana, rudisha.

#17 Joto_Nakawa
Wote mnazunguka. Chanzo ni joto. Tazameni rota ilivyo: upande mmoja wa hausingi kila siku unapokea hewa baridi, upande wa pili kila siku unapokea moto. Kwenye injini ya pistoni silinda moja inapata vyote kwa zamu. Kwenye rota chuma kinavutana muda wote, hausingi ni alumini, kuta za ubavu ni chuma cha kusubu, na katikati yake kuna sili za mpira zinazozuia kulanti (maji ya kupozea injini). Ukichemsha mara moja tu, mpira umekwisha.

Mshale wa joto wa RX-8 unakudanganya. Ukifika katikati unakaa hapo kwenye joto la kawaida na kwenye joto la hatari, na ukianza kupanda ujue umechelewa. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa kusoma kompyuta ya gari, kisome joto kwenye simu. Kati ya nyuzi 85 na 95 endelea na safari. Ikivuka 105 tafuta sababu. 110 kaa pembeni, zima.

Udongo mwekundu ndio adui wa vipoza oili. Viko kwenye pembe za bampa ya mbele, chini kabisa. Gari za gia za mkono nyingi zina viwili, otomatiki nyingi zina kimoja. Safari moja ya barabara ya vumbi kwenye mvua na vimefunikwa tope kama ukuta wa nyumba. Kuosha kwa maji ya presha kutoka mbele kunakunja mapezi, toa bampa uoshe kwa mpira wa kawaida kutoka nyuma kwenda mbele.

Na tafadhali, maji ya bomba kwenye rejeta acheni. Alumini na chuma cha kusubu vikikaa pamoja kwenye maji matupu, kutu inakula mfereji wa sili ya mpira, na ukuta huo hautengenezeki kirahisi.

#18 Kasule_Ntinda
Sili ya kulanti ikivuja nitajuaje?

#19 Joto_Nakawa
Asubuhi inawaka ikikohoa kama inatumia rota moja, moshi mweupe wenye harufu tamu, halafu inatulia. Kulanti inapungua bila tone chini. Kuthibitisha: funga pampu ya presha kwenye rejeta usiku kwa presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chake, uiache mpaka asubuhi. Toa plagi za chini, ingiza waya mwembamba wenye kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya kulanti, jibu umepata.

#20 Mjomba_Entebbe
Naona mnaitukana injini ya Mazda waliyoibuni wenyewe na kushinda nayo mbio za Le Mans 1991. Iliyokimbia saa 24 ikashindwa na jamu ya Kibuye?

#21 Mhandisi_Jinja
Mjomba, marekebisho mawili kwa heshima. Mazda hawakuibuni. Aliyeanza ni Felix Wankel akishirikiana na NSU ya Ujerumani, na gari la kwanza kuuzwa lilikuwa NSU Spider la 1964. Mazda walinunua leseni, wakaleta Cosmo mwaka 1967. Shida ya kwanza waliyopambana nayo ni mikwaruzo ya mawimbi ndani ya hausingi, wakaiita kucha za shetani, sili ilikuwa ikitetemeka na kuchimba. NSU wao walitoa Ro 80 mwaka huo huo wa 1967, sili zikawafia mikononi mwa wateja, gharama za kubadilisha injini zikaiumiza kampuni vibaya.

La pili, ile Mazda 787B ya Le Mans ilikuwa na rota nne, plagi tatu kwa kila rota na sili za ncha za kauri. Na ilikimbia kwa kasi kubwa kwa saa nyingi, jambo ambalo rota inalipenda. Kinachoiumiza ni kuwashwa, kusogezwa mita kumi na kuzimwa.

#22 Mjomba_Entebbe
Asante mwanangu, nimepokea.

#23 Rota_Mbale
Hilo la mita kumi liandikwe kwa wino mzito. Woshingi bei, pa kuoshea magari, ndizo zinazoua RX-8 Kampala. Kijana anaiwasha baridi, anaisogeza kwenye sabuni, anazima. Baada ya dakika ishirini anaiwasha tena kuitoa. Haiwaki. Injini baridi inamwaga petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye sili, kompresheni inakwisha, plagi zinalowa. Akiendelea kuzungusha anaua betri na stata pia.

Ukiiwasha ikiwa baridi, iache mpaka ipate moto kabla ya kuzima. Kama ni lazima kuzima, shika mizunguko 3,000 sekunde kumi, uachie pedali, kisha zima. Kwa woshingi bei, isukumeni, ni gari jepesi.

Ikishalowa fanya hivi: kanyaga pedali mpaka mwisho (injekta za petroli zinakatwa), zungusha sekunde kumi, pumzika dakika moja, rudia mara tatu. Haikuwaka? Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na soketi za koili, toa plagi za chini, zungusha mara chache petroli itoke. Usiwe na moto wala sigara karibu, inatoka kama dawa ya kunyunyizia mbu. Kausha plagi. Mimina mililita 5 hadi 10 za oili ya injini kwenye kila tundu, zungusha kidogo isambae, rudisha plagi kwa mkono kwanza kisha spana. Betri ijazwe chaji kamili. Rudisha soketi na fyuzi, washa. Itatoa moshi mzito dakika kadhaa, usiogope. Halafu nusa kijiti cha oili, kikinuka petroli badilisha oili siku hiyo hiyo.

#24 Toyota_Tu_Masaka
Injini ya 1.3 ndiyo yenye maneno yote haya? Na nasikia inakunywa kuliko Prado.

#25 Mhandisi_Jinja
Usiihesabu kama 1.3 ya Vitz. Kila chemba ni cc 654, mara mbili ni 1,308, lakini kila rota inachoma mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Pistoni inachoma mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hewa inayopita, ilinganishe na injini ya 2.6. Kwenye jamu ya mjini km 6 au 7 kwa lita ni kawaida. Ikishuka chini ya 5, rudi kwa #15 ukaangalie koili.

#26 Kabale_Juu
Na tusisahau hawa wanaoendesha kwa mizunguko 2,000 siku nzima kuokoa petroli. Rota inayobembelezwa inajaza masizi. Ikishapata moto kabisa, oili nayo, ipandishwe mpaka karibu na mstari mwekundu mara moja kwa siku, gia ya pili, barabara wazi. Baridi kamwe.

#27 Kasule_Ntinda
Nimerudi na vipimo. Betri ilikuwa 11.9 ikipumzika na 9.1 ikizungusha, nimeweka nyingine. Kompresheni kwa geji ya rota, injini ya moto, stata mizunguko 240, Kampala:
Rota ya mbele: 6.5, 6.4, 6.4
Rota ya nyuma: 6.3, 4.9, 6.2
Kwa betri mpya inawaka ya moto, ila inachukua sekunde tano.

#28 Fundi_Ndeeba
Asante kwa kupima, sasa tunaongea. Uso MMOJA ndio umeshuka, na hilo lina maana. Sili ya ncha inakaa kati ya nyuso mbili, ikifa inashusha mbili kwa pamoja. Uso mmoja peke yake unanielekeza kwenye sili ya ubavu iliyoganda kwenye masizi. Rota ina sili za ubavu sita, tatu kila upande, na ikiganda moja unaona hivyo hivyo ulivyoandika. Usishushe injini bado.

#29 Rota_Mbale
Nami nasema iliganda kwa sababu ya joto la ekzosi. Pima sega kabla ya kugusa kingine, la sivyo utaisafisha na itaganda tena.

#30 Oili_Kwanza
Au nozeli ya oili ya rota ya nyuma imeziba. Rota ya mbele inapata, ya nyuma inakauka. Fungua mirija ya pampu ile, washa, ona kama oili inasogea kwenye kila mrija. Ni kazi ya nusu saa.

#31 Mhandisi_Jinja
Kilo 6.4 kwa Kampala kwa mizunguko 240 ni injini iliyozeeka lakini inaishi. Tofauti ya 1.4 ndani ya rota ya nyuma iko ukingoni, mwisho ni 1.5, na kama nilivyosahihishwa kwenye uzi huu, huo 1.5 nao unapungua kwa mwinuko. Kwa hesabu ya hapa ni 1.3. Kwa hiyo umeshavuka.

#32 MamaSpea_Kisekka
Kabla hajaanza kutafuta injini ya mtumba: tangu sheria ya 2018 gari lililozidi miaka 15 haliingii nchini, kwa hiyo RX-8 nzima za kuja kukatwa spea zinakwisha. Injini zilizoko sokoni nyingi zimetoka kwenye gari zilizokufa hapa hapa. Ukiletewa injini iliyo mezani, ingiza spana kwenye boliti kubwa ya mbele, izungushe polepole upande inaozungukia, plagi zimetolewa. Usikie pumzi sita zinazolingana. Muuzaji akikataa usiizungushe, weka pesa mfukoni uondoke.

#33 Kasule_Ntinda
Asanteni sana wote. Kusafisha masizi bila kufungua inawezekana vipi?

#34 Fundi_Ndeeba
Maji safi, yaliyochujwa, nusu lita. Injini iwe ya moto, mwenzako ashike mizunguko 2,500 hadi 3,000. Chomoa mpira mwembamba wa vakyumu nyuma ya throto, unganisha na mpira mwembamba kama wa dripu ya hospitali, uache unyonye maji kwa tone, usiruhusu mkondo. Ukisikia injini inazama, bana mpira. Maji mengi kwa pigo moja yanavunja sili. Nusu lita ichukue dakika kumi. Kisha endesha km 30 kwa mizunguko ya juu, barabara ya Entebbe usiku inafaa. Badilisha oili, pima tena.

#35 Joto_Nakawa
Na usome joto kwenye simu muda wote wa zoezi hilo.

#36 Rota_Mbale
Sega kwanza, Kasule. Sega kwanza.